Hanna pHep 5 (HI98128): kipima pH kizuri, ugezi ukifanywa inavyotakiwa

Kwa anayepima maji ya bwawa la samaki au virutubisho vya haidroponiki (kilimo kisichotumia udongo), pHep 5 inaziacha mbali zile kalamu za njano za kupimia pH zisizo na jina zilizojaa mitandaoni. Inasoma hadi 0.01 kwa usahihi wa ±0.05, ina kipimajoto ndani yake, haiingizi maji, na elektrodi (ncha inayopima) ikichoka unabadilisha elektrodi tu. Inatumia betri ndogo 4 za volti 1.5. Lakini usahihi huo unategemea ugezi, yaani kukirekebisha kifaa kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana), na wengi huharibu hapo.

Anza na bafa ya 7.01. Hiyo ndiyo inayoweka sifuri ya elektrodi. Bafa ya pili huweka mteremko, yaani milivolti ngapi kwa kila pH moja (elektrodi nzima hutoa karibu 59 kwenye nyuzi 25). Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka CAL itokee, kisha zamisha ncha kama sentimita 4, koroga polepole, usubiri kifaa kiitambue bafa. Skrini ikiomba 4.01, unaweza kutumia 4.01 au 10.01. Chagua kwa kuangalia unachopima: haidroponiki ya 5.5 hadi 6.5 inataka 4.01, bwawa linalopanda hadi 8 au 9 mchana jua likiwaka linataka 10.01. Ukiona WRNG (kifaa hakijaitambua bafa), karibu kila mara ni bafa iliyochafuka au elektrodi chafu. Usilazimishe.

Katikati ya bafa mbili, suuza kwa maji safi, kisha gusisha tishu ifyonze tone. Kusugua kioo cha elektrodi hukijaza chaji na usomaji huyumba. Mimina bafa kidogo kwenye kikombe, na iliyotumika imwage. Kuirudisha chupani ni kuiua chupa nzima. Ya 10.01 ndiyo dhaifu kuliko zote, maana hufyonza kaboni dayoksaidi hewani na kushuka. Halafu joto: kwenye nyuzi 30 bafa hiyo ni 9.96, si 10.01, na kifaa kinalijua hilo chenyewe mradi ukisubiri kipimajoto kitulie.

Sasa poda za kutengenezea bafa mwenyewe. Pakiti zinazopatikana kirahisi ni za 4.00, 6.86 na 9.18, kila moja kwa mililita 250 za maji yaliyotoneshwa. Zinafaa, kwa sharti kwamba kwanza umekihamisha kifaa kwenye seti ya 6.86 kupitia mipangilio. Ukiacha kwenye 7.01, vipimo vya karibu na 7 vitakuwa juu kwa takriban 0.15, na huenda usione onyo lolote. Maji yaliyotoneshwa huuzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Maji ya kunywa ya chupa yana madini, hayafai kwa kazi hii.

Kinachonifanya nikisifu kifaa hiki ni kile kitambaa kidogo kilicho karibu na kioo, njia ya elektrodi kuwasiliana na maji. Tope na mwani vikikiziba, usomaji hukawia na kutangatanga. Kivute taratibu kwa kibano kama milimita 3, sehemu safi itokee, kisha rudia ugezi. Kalamu za bei nafuu hazina tiba hiyo.

Kofia ya pHep 5 iwe na matone machache ya myeyusho wa kuhifadhia siku zote. Usiiweke elektrodi kwenye maji yaliyotoneshwa, yanainyonya chumvi zake.

Upungufu wake ni ugezi wa nukta mbili tu. Anayepima asidi asubuhi na besi jioni atarudia kazi, au atafute kifaa cha nukta tatu. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama elektrodi HI73127 anayo dukani, na bafa zake zinaisha muda lini.