Kisanduku cha nyimbo za Kihindi: miezi minane sebuleni kwa mama

Nilikinunua kwa ajili ya mama, lakini siku hizi nagombea naye. Kwa umbo ni kama redio za zamani zile za kuwekwa juu ya kabati, ila ndani mna nyimbo 5,000 za filamu za Kihindi, tangu picha zisizo na rangi. Hakihitaji intaneti wala bando. Unawasha, unachagua jina, kinaimba. Hapa Mombasa nililipa shilingi 13,500, na njiani kurudi nyumbani moyo uliniuma, maana nyimbo hizo hizo nazipata kwenye simu bure. Ila mama na simu hawapatani. Kila mwimbaji wake Lata Mangeshkar akifika patamu, tangazo la sabuni linamkata kauli.

Jioni ile ile ya kwanza tukakwama. Mama alisema, "Niwekee zile za Raj Kapoor." Nikatafuta Raj Kapoor kisanduku kizima, hayumo. Nargis hayumo. Madhubala hayumo. Mama akakitazama kile kitu, akanitazama na mimi. "Mwanangu, wamekuuzia Wahindi gani hawa wasio na Nargis?"

Kumbe majina yote mle ni ya waimbaji, watunzi wa tuni na washairi, na hao wa mama ni waigizaji. Mama, aliyekulia kwenye majumba ya sinema ya Regal na Naaz enzi zile za maonyesho ya wanawake peke yao, nyimbo amezijua maisha yake yote kwa sura. Yule aliyefungua mdomo kwenye pazia ndiye mwenye wimbo, basi. Kwamba nyuma yake yuko mtu mwingine aliyesimama studio mbele ya kipaza sauti, alikuwa amesikia, lakini halikumhusu. Kisanduku kikamlazimisha limhusu.

Tukaanza na rahisi. Filamu ya Awaara ya 1951: anayetembea mtaani akiimba ni Raj Kapoor, sauti ni ya Mukesh. Kitufe cha Mukesh kikawa ndicho "cha Raj Kapoor", na mambo yakatunyookea siku mbili tatu. Kisha mama akataka ule wa mvua, wa Shree 420 ya 1955, Raj Kapoor na Nargis chini ya mwavuli mmoja, na vile vitoto vitatu vinapita na makoti ya mvua (kimoja ni Rishi Kapoor, aliyekuja kuwa steringi mwenyewe). Nikapitisha Mukesh wote, wimbo hakuna. Nikapitisha tena. Siku ya tatu, nikitafuta kitu kingine kabisa, ukalia kwenye kitufe cha Manna Dey! Mle Raj Kapoor kaimbiwa na Manna Dey, na Nargis kaimbiwa na Lata Mangeshkar. Mama alinyamaza mpaka wimbo ukaisha, halafu akasema, "Basi huyu alikuwa na sauti mbili, na zote si zake."

Tangu hapo tunasikiliza kwa namna nyingine. Rajesh Khanna ndani ya Aradhana ya 1969 anaimbiwa na Kishore Kumar, ule wimbo wa treni na gari la jipu, lakini pia na Mohammed Rafi, na ukifumba macho unasikia watu wawili tofauti kabisa: Kishore anacheza na maneno, Rafi anayaweka mahali pake kama anayepanga vikombe. Kitufe cha Lata ndicho kinachomshangaza mama zaidi. Humo wamo Nargis, Madhubala wa Mughal-e-Azam na Meena Kumari, wote koo moja.

Siku moja kililia cha Rafi, na mama, mikono imejaa unga wa mahamri, akadakia kwa Kiswahili. Si tafsiri, ni maneno mengine kabisa, ya mapenzi na masimango. Alikuwa anaimba taarabu. Juma Bhalo na wenzake walitia mashairi ya Kiswahili kwenye tuni nyingi za Kihindi, na sisi tuliokulia kwenye harusi za huku tulizijua hizo kwanza. Mimi wimbo ule nilikuwa naujua kwa Bhalo tu.

Sasa lawama. Kuutafuta wimbo kwa jina lake haiwezekani bila kuunganisha simu, na simu ndiyo niliyotaka kumwepusha nayo mama. Kioo chake ni kidogo kama kucha. Betri waliandika saa tano, mimi napata tatu na kitu. Nyimbo za filamu ya Sholay hazimo, maana santuri zake zilitolewa na kampuni nyingine, si hii ya kisanduku, na mgeni wa kwanza kuja aliuliza hizo hizo. Mwezi wa nne tundu la chaji likalegea. Aliyeniuzia akaniambia dhamana ni ya huko huko India, kwa uso mkavu kabisa. Fundi wa simu alilichomelea kwa shilingi 300.

Sauti yenyewe sina neno. Haina kishindo, anayetaka besi ya kutikisa madirisha asihangaike. Lakini mikwaruzo ya santuri za kale imebaki kidogo, na ngoma za tabla unazisikia kwa kidole.

Nikipewa nafasi ya kununua tena nitanunua, ila nitajaribu kwanza kuchomeka waya palepale dukani. Na kama unampelekea mzee, kaa naye wiki ya kwanza, la sivyo kitageuka cha kuwekea vitambaa.

Mama sasa ana wimbo wake wa kufungia usiku, Chalte Chalte, wa filamu ya Pakeezah ya 1972. Picha ile ilitoka Februari, na Machi 31 Meena Kumari, nyota wake, akafariki. Mama aliiona akiwa bibi harusi mpya, akalia mpaka mawifi wakamcheka. Mwishoni mwa wimbo huo husikika honi ya treni kwa mbali. Ikilia tu, mama husema, "Treni hiyo," anazima kisanduku, anaenda kulala. Nikitaka kusikiliza zaidi yabidi nisubiri mpaka nisikie mlango wake.