Bamba la Haden na bamba la Palmer

Katikati ya karne ya 19, mabamba ya shaba, yaani vipande bapa vinavyochorwa mistari, kupakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi ili kutoa picha, yalitumika nchini Uingereza zaidi kunakili picha zilizochorwa na wengine. Wasanii Seymour Haden na Samuel Palmer ni kati ya waliolirudishia bamba heshima yake, ila kila mmoja kwa njia yake.

Haden alikuwa daktari wa upasuaji, na mkono wake haukusita. Katika A Sunset in Ireland ya 1863, miti imeinamia maji tulivu na vivuli ni vyeusi ti. Weusi huo unatokana na sindano kavu, inayokwaruza shaba bila asidi na kuacha chenga za shaba kando ya mstari. Chenga hushika wino, mstari ukatoka laini kama mahameli. Tatizo ni kwamba mashine ya kuchapia huzisaga upesi, kwa hiyo nakala za mwanzo ndizo za kutafuta.

Palmer hakuwa na haraka kabisa. Alirudisha bamba mara nyingi kwenye asidi, ambayo huchimba mistari katika shaba, na maishani mwake alikamilisha mabamba 13 tu. Itazame The Lonely Tower ya 1879 kwa karibu: mistari imesongamana, lakini katikati yake ameacha vijitundu vya karatasi tupu, na humo ndimo mwanga wa mwezi unamopenya.

Kwa mandhari ya usiku namchagua Palmer, tena bila kusita. Anayeanza kujifunza aanze na sindano kavu, haihitaji asidi.