Potasiamu ya mgonjwa wa moyo: kuipima pale pale au kuipeleka maabara?

Mgonjwa wa moyo anayemeza furosemaidi, dawa ya kukojosha, hukojoa maji pamoja na potasiamu, madini ya damuni. Akiongezewa spironolaktoni, dawa ya kukojosha inayoizuia potasiamu isitoke, potasiamu huweza kupanda. Ikitoka mbali nje ya kiwango cha kawaida, 3.5 hadi 5.0 (milimoli kwa lita), mapigo huweza kuvurugika. Ndiyo maana kusubiri kunaniuma.

Mama mkubwa wangu wa Micheweni, Pemba, alitolewa damu asubuhi, akarudi kwa daladala. Jibu tukalifuata kesho yake, miguu imemvimba hata kandambili hazimwingii. Kwa mashine ya mkononi, matone machache ya damu hutiwa kwenye kikasha cha kupimia, jibu likatoka ndani ya dakika chache, mgonjwa angali kitini. Dozi hurekebishwa hapo hapo.

Maabara nayo ina lake, tena kubwa: damu ikizungushwa kwa kasi mashineni ili maji yake yatengane na chembe, chembe nyekundu zilizopasuka hujulikana, maji hayo huwa mekundu. Chembe hizo humwaga potasiamu, jibu likapanda kwa uongo, na mashine nyingi za mkononi hazilioni hilo. Vikasha vingi vyataka friji pia.

Kwa Pemba, mimi naichagua mashine kituoni. Jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa lirudiwe maabara, na kipimo cha umeme wa moyo kifanywe bila kungoja.