Kabla ya kwenda nyumbani kwa Karen Blixen, soma barua zake

Wakazi wengi wa Nairobi huyapita Makumbusho ya Karen Blixen, nyumba ya zamani ya mwandishi wa Denmark aliyekuwa mlowezi na mkulima wa kahawa hapa Kenya, wakiwa ndani ya matatu, wakiamini ni mahali pa watalii na pa maharusi kupigia picha. Naandika haya kwa ajili yao, na hasa kwa walimu wenzangu. Nyumba ile inafaa kutembelewa. Lakini ukiingia mikono mitupu utaona viti, ngozi za wanyama na vitanda, utoke. Ukiingia ukiwa umesoma barua zilizoandikwa na watu wa shamba lile, utakaa humo nusu siku na hutaki kuondoka.

Mimi nafundisha Historia shule ya sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya walowezi, wanafunzi hukariri: kodi ya vibanda, kipande (kile kitambulisho ambacho mfanyakazi Mwafrika alilazimishwa kubeba), sheria ya ardhi ya 1902, ile ya 1915. Mtihani ukiisha, na hayo yameisha. Barua za Blixen ndizo zilizonipa njia ya kuwaonyesha kwamba mlowezi alikuwa mtu mwenye madeni na homa, na kwamba waliomfanyia kazi nao walikuwa na majina. Alishuka Mombasa Januari 1914, akafunga ndoa papo hapo na Mswidi Bror Blixen, na tangu hapo hadi alipoondoka 1931 aliandika kwao Denmark bila kuchoka, sanasana kwa mama yake Ingeborg na mdogo wake Thomas. Barua ilishuka Mombasa kwa treni, ikapanda meli, na jibu lilipofika mambo yalikuwa yameshageuka. Ukizisoma mfululizo unamwona akiahidi kwamba mwaka ujao mavuno yatakuwa mazuri. Mwaka unaofuata anaahidi tena.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, na akina Blixen wakahamia 1917. Ni ya mawe, paa la vigae vyekundu, vyumba vimepigwa mbao ukutani, baraza pana, na kule nyuma ya miti unaiona milima ya Ngong. Ni nyumba ya kiasi kuliko filamu ya Out of Africa, inayosimulia maisha yake, inavyokufanya uamini. Vifaa vingine ni vya asili na vingine vililetwa baada ya ile filamu ya 1985. Usione haya kumuuliza mwongozaji kipi ni kipi. Wetu alikuwa kijana mpole aliyejibu kila swali, hata yale ya mwaka na bei. Mezani, chumba cha kulia, alitueleza kwamba Novemba 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza alikula hapo na ngoma ikachezwa nje. Mimi nilikuwa nawaza yale ambayo mgeni yule hakuandaliwa mezani: shamba lilikuwa limezama kwenye deni, kampuni iliyolimiliki ilikuwa ya jamaa zake Blixen wenyewe, na ndugu hao walikuwa wameanza kuchoka kutuma pesa.

Nilikwenda na shangazi yangu, ambaye alichuma kahawa Kiambu tangu akiwa msichana, akilipwa kwa debe. Ndani ya nyumba hakusema mengi. Tulipofika kwenye mitambo ya kahawa iliyowekwa bustanini, chuma kimeshika kutu na magurudumu yamezama kwenye nyasi, akasimama, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mashine, akaanza kumweleza mwongozaji: hapa tunda linaingia, hapa linaambuliwa ganda, maji yanapita hapa, kisha buni inapelekwa kuanikwa. Halafu akainua macho akatazama mawingu juu ya Ngong.

"Lakini huku ni baridi sana, mwanangu. Kahawa ya huku ilikuwa inazaa kweli?"

"Haikuzaa vizuri, shosho," akajibu kijana. "Ndiyo sababu shamba lilikufa."

Shamba lilikuwa juu ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari. Ekari 6,000 kwa jumla, kama 600 zikiwa za kahawa. Palikuwa na ukame, 1923 kiwanda kikaungua, na mahali penyewe palikuwa juu mno kwa mmea ule. Shangazi aligundua kwa ngozi yake jambo ambalo wakurugenzi wa Denmark walilipia kwa miaka kumi na zaidi. Kwa wakati ule mmoja tu, safari yetu ilikuwa imelipa.

Sasa nije kwenye barua ambazo watu huzisahau. Blixen hakuwa peke yake aliyejua thamani ya karatasi pale shambani. Katika kitabu chake cha 1937, Out of Africa, anasimulia habari za Mkikuyu aitwaye Jogona, aliyekuja kwake atungiwe maelezo ya maisha yake kwa ajili ya shauri, baada ya mtoto aliyemlea kuuawa kwa bunduki kwa bahati mbaya. Jogona alisimulia, Blixen akaandika, kisha akamsomea. Aliposikia jina lake mwenyewe likisomwa kutoka kwenye karatasi, alimgeukia kwa furaha isiyo kifani. Baadaye aliiweka karatasi ile ndani ya kifuko cha ngozi, akakivaa shingoni, na mara kwa mara akija asomewe tena. Hii ndiyo habari ninayoanza nayo darasani siku hizi. Mtoto wa kidato cha pili akiisikia haulizi tena kwa nini tunasoma historia.

Yuko pia Kamante Gatura, aliyefika kwake akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa hospitali ya misheni ya Waskoti kule Kikuyu, mwishowe akawa mpishi mkuu. Blixen aliporudi Denmark, Kamante alimtumia barua. Kuandika hakujua, kwa hiyo alikwenda kwa waandishi wa kulipwa karibu na posta akawatajia maneno. Hebu mfikirie amesimama Nairobi, mjini, anamwambia mtu asiyemjua mambo ya moyoni mwake ili yapelekwe Ulaya, na analipia. Mwaka 1975 kumbukumbu zake mwenyewe zilichapishwa. Ukienda kwenye makumbusho, omba upelekwe jikoni, na ukiwa huko mtaje Kamante. Mwongozaji wetu alichangamka mara moja.

Ninachotamani ni kuona sauti hizo zikiwekwa kando ya sauti ya mwenye nyumba. Barua za walowezi ni hazina, lakini ni za upande mmoja. Hata za Nellie Grant, aliyelima Thika kisha Njoro na kumwandikia binti yake kwa miaka mingi, ukizisoma unajua alipanda nini na kuku wangapi walikufa. Mfanyakazi wake unamwona kwa kupita tu. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima na kulisha mifugo kwenye ardhi ambayo, mara nyingi, wazee wake walikuwa wakiilima. Skwota yule naye alikuwa na habari za kuandikia watu. Blixen, nampa haki yake, shamba lilipouzwa 1931 alizunguka ofisi za serikali hadi maskwota wake wakapewa mahali pamoja katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti, wasitawanywe. Tukitoka pale, shangazi aliliuliza swali moja njia nzima: nani aliandika majina yao siku ile ya kuhama? Swali hilo nimewapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walipeleke kwa babu na nyanya zao wa Dagoretti, Riruta na Kikuyu, na madaftari yameanza kurudi yakiwa yamejaa.

Kwa mwenye kwenda: matatu za 24 kutoka mjini zinapita Karen. Beba kitambulisho, mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla mabasi ya shule hayajafika. Kama unapeleka darasa, wape kila mmoja barua moja aisome kwa sauti barazani kabla hamjaingia ndani, kisha mwombe mwongozaji aanzie kwenye mitambo ya kahawa na jikoni. Vyumba vya kulala vinaweza kungoja.