Kitabu cha historia ya Ireland nilichookota Mwanga, elfu saba

Nimekipata kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Mwanga Kigoma, nimekisoma chote na kalamu mkononi, na nasema kabisa kwa mtu anayejiita msomi hiki kitabu kimeniuma. Sura ya ile njaa kubwa ya Ireland mwandishi anasema ilianza 1847 wakati viazi vilianza kuoza 1845, yaani miaka miwili ya watu kufa imefutwa hivihivi! Halafu anaandika eti chakula kiliisha nchi nzima, si kweli, kilichooza ni viazi, ule ugonjwa wa bakajani ndo huohuo unaopiga nyanya zetu huku, lakini nafaka na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza huku watu kama milioni moja wanakufa na zaidi ya milioni wanahama. Tanbihi hakuna hata moja, takwimu zinaning'inia tu.

Ila sura ya Roger Casement, yule Mwairishi aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo, aisee hapo kapatia. Ripoti yake ya 1904 juu ya mateso ya watu wa Kongo kwenye kuvuna utomvu wa mpira, halafu serikali ileile ya Uingereza iliyomtuma ikamnyonga London 1916 kwa kupigania uhuru wa Ireland. Nilisoma nimekaa ufukweni, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, nikarudia ukurasa mara tatu.

Nakipa nyota mbili kati ya tano. Muuzaji yeye hana kosa, kanifungia na gazeti vizuri na kapunguza bei. Tarehe nimezirekebisha pembeni kwa penseli, anayetaka kuazima aje.