Uzoefu wangu na kozi za bure za Kaggle: kujifunza Python kwa kazi ya data nikiwa Tanga

Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za samaki wanaoshushwa kwenye forodha ya Deep Sea hapa Tanga, na ni wingi wa kumbukumbu hizo ulionisukuma kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nilifuata kozi za Kaggle, tovuti ya watu wa kazi za data, ambazo hazilipiwi: kwanza ya Python yenyewe, kisha ya pandas, maktaba (mkusanyiko wa zana za Python) ambayo Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008 kwa ajili ya data za majedwali, na baadaye utangulizi wa ujifunzaji wa mashine (machine learning), yaani kuifanya kompyuta ijifunze kukisia kutokana na data.

Ubora wake mkubwa ni kwamba kila somo fupi hufuatwa na zoezi unaloliandikia msimbo papo hapo ndani ya kivinjari, ukaambiwa kama umepata au umekosa, na ukikwama unaomba dokezo. Huhitaji kusakinisha chochote, wala kompyuta yenye nguvu, kwa kuwa hesabu hufanyika kwenye mashine zao. Unachohitaji ni bando la kutosha na Kiingereza cha kusomea maelezo.

Mazoezi ya pandas hutumia maoni ya waonjaji wa mvinyo, na ya ujifunzaji wa mashine hutumia bei za nyumba za Iowa, Marekani. Yanafundisha vizuri, lakini daftari la forodhani lina mambo yake. Samaki mmoja ameandikwa "Changu", kwingine "changu", kwingine "changu" lenye nafasi tupu mwishoni, na pandas humhesabu kuwa samaki watatu mpaka uondoe nafasi hizo na kugeuza herufi zote kuwa ndogo. Tarehe 03/04/2024, ambayo kwetu ni Aprili 3, husomwa kuwa Machi 4 usipoandika dayfirst=True (yaani siku hutangulia mwezi), na samaki wa mwezi mmoja wakahesabiwa katika mwezi mwingine bila wewe kujua.

Kubwa zaidi ni seli tupu. Kusi ikivuma sana, mashua nyingi hazitoki, na karani huacha nafasi wazi. Tuseme siku ya kwanza zimeshushwa kilo 60, ya pili 30, na ya tatu ni tupu: pandas huiruka ile tupu na kukupa wastani wa 45, ilhali ukijaza sifuri utapata 30. Ya kwanza inaeleza siku ambayo wavuvi wametoka baharini. Ya pili inaeleza kile ambacho soko linakipata kwa siku, kusi ikiwamo. Kozi inakuonyesha namna ya kujaza seli hizo, ila uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyezijua pepo za pwani yetu.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu wa Tanga wamalize kozi mbili za mwanzo, kisha wasakinishe Jupyter, programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo wa Python, kwenye kompyuta zao, maana ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, na waanze na daftari lao wenyewe kabla ya kugusa ujifunzaji wa mashine.