Kaseti za harusini: huduma ya kuhamishia sauti kwenye faili, naipa nyota nne

Kabati la kwetu Mombasa limejaa kaseti: mawaidha, mazungumzo ya wazee, na taarabu za harusini, zikiwemo za Juma Bhalo akiimba ukumbini huku watu wakitunza. Nyimbo zake utazikuta mtandaoni, lakini usiku ule wenyewe, na marehemu bibi akiitikia kwa mbali, uko kwetu tu. Nikazipeleka kwa fundi mmoja mjini anayezihamishia kwenye faili.

Nilichompendea, hana pupa ya kubonyeza. Kaseti zetu nyingi ni za dakika 90, ambazo utepe wake ni mwembamba kuliko wa 60 na hukatika upesi. Moja kisponji kinachougandamiza utepe kwenye kichwa, kile chuma cha mashine kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka. Akaifungua, akabandika kingine. Iliyoota ukungu akaitenga, isije ikachafua mashine na zile nzima. Zote akazivunja vijino vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Halafu, kwa kila kaseti, akazungusha skrubu ya kichwa kidogo kidogo mpaka sauti iliyofifia ikachangamka, maana kila tepu rekoda ilirekodi kwa mkao wake wa kichwa.

Malipo ni kwa saa ya sauti, na si rahisi. Ila hapo simlaumu: utepe hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na kaseti ya saa moja na nusu lazima aisubiri saa moja na nusu.

Nyota moja nimeikata kwa usafishaji. Faili za kwanza zilikuja hazina mvumo, sawa, lakini vigelegele navyo vimekwenda, na udi unasikika kama unapigwa mtungini.

"Fundi, nirudishie kelele zangu."

Akacheka. "Mama, wengi hawazitaki."

Akanipa WAV za biti 24 zisizoguswa, yaani faili za sauti ambayo haijabanwa wala kusafishwa. Ni nzito, nimeziweka kwenye diski mbili, moja iko kwa dada yangu. MP3 ni za kutumiana WhatsApp. Kaseti zenyewe situpi.

Ukienda, sema mapema kwamba unataka ambazo hazijasafishwa. Tena andika harusi ya nani na mwimbaji nani, kwa sababu zangu zilirudi zimeitwa "upande A" na "upande B" tu, na kumbukumbu hizo anazo shangazi peke yake. Ile ya ukungu bado iko kwake. Ikitoka nitaongeza hapa.